Albamu uliyoiweka kando, miaka ikapita, sasa haikutoki masikioni: naanza na Here, My Dear

UpandeB

Wadau wa muziki, habari za muda huu.

Uzi huu ni wa albamu ambazo ulizisikiliza ukazitema, kisha ukazirudia baada ya miaka zikakushika. Ambazo hukuwahi kuzigusa hazihesabiki. Nataka zile ulizozipa nafasi, ukatoa hukumu, na hukumu ikakaa muda mrefu.

Yangu ni Here, My Dear ya mwimbaji Marvin Gaye, ya Desemba 1978. Santuri mbili, nyimbo 14, kama dakika 73. Mara ya kwanza nilitoka na malalamiko haya: nyimbo hazina viitikio vya kushika. Zinaanza popote na kuishia popote. Wimbo mmoja umewekwa mara tatu ndani ya albamu hiyohiyo, kana kwamba mawazo yalimwishia. Na jamaa analalamika mno. Mke, hakimu, hela za mawakili, mwanzo mwisho.

Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki: malalamiko yote hayo bado ni ya kweli. Viitikio havijaota. Wimbo bado uko mara tatu. Jamaa bado analalamika. Nilichokisikia wakati ule kilikuwepo na leo kipo palepale, ila sasa ndicho kinachonirudisha.

Kwa wasiojua kisa chenyewe, Marvin alimuoa Anna Gordy, dada wa Berry Gordy, mwanzilishi wa Motown, lebo iliyokuwa inatoa nyimbo zake. Mke na bosi walikuwa familia moja. Ndoa ikavunjika, talaka ikakamilika 1977, na Marvin hakuwa na fedha za kumlipa Anna. Wakafikia makubaliano kwamba sehemu kubwa ya malipo itatoka kwenye mapato ya albamu yake ijayo. Yaani anaingia studio kumwimbia mtu anayemdai, kuhusu ndoa yake na mtu huyohuyo. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba mwanzoni alitaka kulipua tu, atoe kitu cha hovyo amalize deni. Kazi ikamteka. Ukifungua jalada, ndani kuna mchoro wa mchezo wa bodi wenye neno Judgement (hukumu), na mkono wa mwanamume unaukabidhi mkono wa mwanamke sahani ya santuri.

Sasa tuje kwenye ule wimbo wa mara tatu, When Did You Stop Loving Me, When Did I Stop Loving You. Kwenye upande wa kwanza umekamilika, zaidi ya dakika sita, una maneno yote: ni lini uliacha kunipenda, ni lini mimi niliacha. Unarudi kufunga upande wa tatu, safari hii ni ala tupu. Kisha unafunga upande wa nne, kipande kisichofika dakika moja. Nilikuwa nauita ubahili. Leo nasikia mtu aliyeuliza swali, hakujibiwa, akabaki nalo kichwani hata maneno yalipomwishia. Aliyewahi kuachana na mtu vibaya anajua kwamba swali la namna hiyo huwa halikuombi ruhusa kurudi.

Halafu kuna sauti. Wale waitikiaji wote wa nyuma ni yeye mwenyewe, amejirekodi juu ya sauti yake tabaka kwa tabaka, mbinu aliyoanza kuitumia kwenye What's Going On ya 1971. Hapa ameigeuza kuwa ugomvi. Sauti ya mbele inasema jambo kwa upole, ile nyembamba ya juu inapita nyuma inaguna, inabisha, inacheka pembeni. Vaa hedifoni, chukua wimbo unaoitwa Anger, acha kabisa kufuata sauti kuu, fuata zile za nyuma tu. Utajua nasema nini.

Leteni zenu.

---

MzeeWaKaseti

Mleta mada umegusa penyewe. Ngoja niwape hali ilivyokuwa kwa sisi tuliokuwa tunamfuata wakati huo.

Tulikuwa na Let's Get It On ya 1973. Tulikuwa na I Want You ya 1976. Mwaka 1977 akatoa Got to Give It Up ikashika namba moja Marekani, wimbo wa kucheza kutoka nukta ya kwanza hadi ya mwisho. Mwisho wa 1978 disko imetawala kila kona. Tulikuwa tumeshavaa viatu vya kuchezea, tukaletewa faili la mahakama.

Kwa hiyo msituone tulikuwa viziwi. Ulikuwa unasikiliza albamu mbili kwa mpigo, ile uliyoitarajia na ile inayopigwa, na ile uliyoitarajia ilikuwa na sauti kubwa zaidi. Kijana wa leo anaikuta kwenye simu yake hajui hata ilitanguliwa na nini. Ana bahati, anaisikia yenyewe.

---

Tumbuizo

Nimeweka kambi hapa.

---

SikioLaTatu

Mkuu UpandeB, hilo jambo lina maelezo yake kwenye saikolojia. Robert Zajonc alichapisha mwaka 1968 utafiti unaoonyesha kwamba ukikutanishwa na kitu mara nyingi unaanza kukipenda, hata kama kitu chenyewe hakina maana yoyote kwako. Alitumia maneno ya kubuni, maumbo ya mfano wa maandishi ya Kichina, picha za sura za watu. Vilivyoonekana mara nyingi ndivyo vilivyopewa alama nzuri. Redio zinaishi kwa kanuni hiyo. Wimbo unaokukera leo, ukipigwa kutwa mara kumi, baada ya wiki chache unajikuta unauimba bafuni.

Kwa hiyo uzuri unaousikia sasa huenda ni mazoea tu.

---

UpandeB

@SikioLaTatu ningekubali kama ningekuwa nimeirudiarudia. Sikuirudia. Ilikaa miaka bila kupigwa. Mazoea na nini sasa?

---

SikioLaTatu

Swali zuri. Basi muongeze Daniel Berlyne. Huyu, kwenye miaka ya 1970 mwanzoni, alieleza kwamba kitu kikiwa chepesi mno kinachosha, kikiwa kigumu mno kinafukuza, na raha iko katikati. Ila hiyo katikati haikai sehemu moja, inasogea kadiri unavyozoea. Na si lazima uizoee albamu yenyewe. Unaweza kusogezwa na muziki mwingine uliousikiliza huku hii imelala. Miaka yote hiyo umesikia mambo mengi yasiyo na viitikio. Uliporudi, ukakuta haipo mbali tena.

---

UpandeB

Hapo sasa tunaelewana. Hiyo inakaa.

---

BesiNzito

Naomba kutofautiana na wote, kwa heshima.

Hapa naona watu wanapenda kisa, halafu wanadhani wanapenda muziki. Mleta mada ametumia aya nzima kutueleza talaka. Toa talaka, toa mchoro wa jalada, mpe mtu asiyejua lolote, bakiza sauti tu. Tuone kama atavumilia dakika 73.

Na hii tabia ya kusema "ipe muda" imekuwa kichaka cha kujifichia. Kuna albamu muda hauziokoi. Mimi napiga besi. ...And Justice for All ya Metallica, 1988, ilikuwa albamu yao ya kwanza kamili tangu mpiga besi wao Cliff Burton afariki kwa ajali ya basi Sweden 1986. Akaingia Jason Newsted, akarekodi besi zake, kwenye miksi zikashushwa mpaka huzisikii. Nimesubiri. Mwaka 2018 wakaitoa upya, imesafishwa vizuri, besi hakuna. Mashabiki wameishia kutengeneza matoleo yao wenyewe mtandaoni yaliyopandishwa besi. Sasa mtu aniambie niisubiri ikue masikioni. Kitu ambacho hakipo kitakuaje?

Ya pili ni hiyohiyo Metallica, Death Magnetic, 2008. Sauti imebanwa na kusukumwa juu mpaka inakwaruza. Na ushahidi upo, maana nyimbo zilezile ziliwekwa kwenye mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero bila kubanwa namna ile, watu wakasikia tofauti, maelfu wakasaini ombi la kutaka imiksiwe upya. Hapo tatizo si sikio la msikilizaji wala umri wake. Ni mtu kashika kitufe vibaya.

---

Kinanda

BesiNzito kaka yangu, unajua mimi ule ukavu wa Justice ndio ninaoupenda? Magitaa makavu, ngoma zinagonga kama mbao, hakuna joto lolote chini yake. Albamu inazungumzia haki iliyooza, vita, mtu aliyekatika viungo vyote yuko peke yake ndani ya kichwa chake. Ukiijaza besi inakuwa nzuri, nakubali. Inakuwa pia ya kawaida.

Nisitoroke na mada. Yangu ni On the Corner ya Miles Davis, 1972. Waandishi wengi wa jazi wa wakati huo waliichana vibaya, na mimi nilipoipata nilikuwa upande wao bila hata kuwasoma. Upande wa kwanza ni kipande kimoja cha kama dakika 20. Nikakaa nasubiri solo. Jazi ndivyo nilivyofundishwa kuisikiliza, unangoja nani anaingia, anasema nini, anamwachia nani. Hakuna aliyeingia. Tarumbeta ya Miles mwenyewe imepitishwa kwenye pedali ya wah-wah, kifaa cha kupindisha sauti, hujui hata kama ni tarumbeta. Jaladani majina ya wapigaji hayakuandikwa, kwa makusudi yake. Kuna tabla za Kihindi, kuna magitaa, kuna vinanda vya umeme, vyote vinaongea kwa wakati mmoja na hakuna anayempisha mwenzake.

Kilichobadilika kwangu ni kitu kidogo tu. Niliacha kumngoja Miles nikaifuata besi. Michael Henderson anashika mstari mmoja na hatoki. Vikundi vingi vya jazi, besi ndiyo inayotembea na wengine wanakaa juu yake. Huku besi imesimama, na vilivyobaki vyote vinazunguka, vinaingia na kutoka, na fundi wa kukata tepu, Teo Macero, amevipanga baada ya kurekodi. Ukishazoea hip hop na muziki wa kompyuta, mahali ambapo kipande kimoja kinazunguka na vitu vinawekwa na kuondolewa juu yake, hii albamu haina hata ugumu. Anayetaka kujaribu aanze na Black Satin. Afuate makofi na mluzi, asifuate kitu kingine.

---

BesiNzito

Dada Kinanda, wewe umenipata kwa besi. Nitaisikiliza. Justice hapana.

---

MdundoMkavu

Mimi nina kesi inayofanana na ya Kinanda, ila ya karibuni: 808s & Heartbreak ya Kanye West, Novemba 2008. Alikuwa ametoka kwenye albamu tatu za kurap, watu tunamngoja arap. Akaja anaimba, na kuimba kwenyewe hajui, kafunikwa na Auto-Tune, programu ya kurekebisha sauti, mwanzo mwisho. Ngoma zake zinatoka kwenye mashine ya Roland TR-808, mashine iliyoanza kuuzwa 1980 ikaachwa kutengenezwa 1983, na wakati huo wengi waliona hailii kama ngoma halisi. Mama yake alikuwa amefariki Novemba 2007, na uchumba ukavunjika mwaka uliofuata. Nilijua hayo yote wakati albamu inatoka na hayakunisaidia kuipenda hata kidogo. BesiNzito hiyo ni yako: kisa nilikuwa nacho, albamu nikaitupa vilevile.

Kilichonigeuza ni waliokuja baada yake. Kid Cudi yumo ndani ya albamu hiyo, halafu wakafuata akina Drake, mtu anaimba nusu anarap nusu, mapigo machache, nafasi tupu nyingi, huzuni ya usiku. Nimewasikiliza hao miaka na miaka. Niliporudi kwa 808s sikuona tena mwimbaji mbovu, niliona mahali jambo lilipoanzia. Ingawa, niseme ukweli, nyimbo mbili tatu za katikati bado naziruka.

---

MzeeWaKaseti

Kuna jambo halijasemwa. Mnasikiliza Here, My Dear kwa mtiririko mmoja kwenye simu, wimbo wa kwanza hadi wa kumi na nne. Haikutengenezwa hivyo. Upande mmoja wa santuri unabeba kama dakika 20, kisha unainuka unageuza. Ile albamu ina pande nne, na kila upande una mwanzo na mwisho wake. Mleta mada ametaja kwamba ule wimbo unafunga upande wa tatu na wa nne. Kwenye santuri, upande wa tatu ukiisha kunakuwa kimya, sindano imefika mwisho. Kwenye simu sekunde ileile unaanza A Funky Space Reincarnation, yuko angani mwaka 2073 anatafuta mpenzi mwingine. Pigo linapotea.

Jaribuni pande moja moja. Nyimbo nne za kwanza, simamisha. Tatu, simamisha. Tatu, simamisha. Nne za mwisho. Hata kama una simu, kidole unacho.

---

UpandeB

Mzee, umenena. Hilo ndilo lililotokea kwangu bila kupanga. Nilikuwa napata nafasi vipande vipande, kwa hiyo nikaisikia kwa mafungu.

Nirudi kwa BesiNzito maana hoja yake ni nzito na sitaki ipite. Suala la kisa. Kisa nilikuwa nakijua tangu mara ya kwanza, kimeandikwa kila mahali, na kilinifanya niichukie zaidi: nilisema, huyu mtu anamwanika mke wake hadharani halafu anamtumia bili. Na Anna mwenyewe iliripotiwa alifikiria kwenda mahakamani kwa kuanikwa huko. Hilo doa lipo na sitaki kulisafisha. Kuna sehemu kwenye Is That Enough anamsimanga kwa kutaka aendelee kuishi maisha aliyoyazoea, na mimi bado nasikia mtu mzima anayejionea huruma. Tofauti ni kwamba wimbo huo una kama dakika nane, na maneno yanakwisha mapema kuliko muziki. Bendi inaendelea, saksafoni inazunguka, yeye anaguna tu. Kama angetaka kushinda kesi angekatisha wimbo alipomaliza hoja. Ameuacha uende hadi hoja yenyewe ikawa ndogo.

Kwa hiyo jaribio lako la kumpa asiyejua lolote mimi nalikubali, ila usimpe dakika 73. Mpe dakika tatu za mwisho za Is That Enough.

Kuhusu Death Magnetic nakuunga mkono moja kwa moja. Kubana sauti ni jambo la ufundi. Sauti iliyokatwa vilele vyake haiwezi kurejea kwa wewe kukomaa.

---

GitaaBovu

Pinkerton ya Weezer, 1996. Wasomaji wa jarida la Rolling Stone waliipigia kura kuwa miongoni mwa albamu mbovu za mwaka. Mwimbaji wao Rivers Cuomo mwenyewe akaikana kwa miaka, aliona aibu. Kisha kizazi kingine kikaichukua, ikawa ndiyo albamu yao kipenzi, na 2010 bendi ikapanda jukwaani kuipiga yote kuanzia wimbo wa kwanza. Yaani hata aliyeitunga alihitaji kuambiwa na mashabiki.

Mimi niliitupa kwa sababu magitaa yanapiga kelele mbaya na jamaa anasema mambo ambayo mtu unayaweka moyoni. Sababu zilezile, mleta mada. Zilezile.

---

SikioLaTatu

Swali kwa wote: ipo ambayo mmeirudia na bado imegoma? Tusije tukaonekana kila kitu kinaiva.

---

UpandeB

Ipo. Journey Through the Secret Life of Plants ya Stevie Wonder, 1979. Ilikuja baada ya Songs in the Key of Life ya 1976, na ni muziki wa filamu kuhusu mimea. Stevie haoni, kwa hiyo ilibidi aelezewe sikioni kinachoendelea kwenye kila tukio ili atunge. Akatumia vifaa vya dijitali mapema kabla ya wengi. Nataka sana kuipenda. Kila nikirudi nachukua Send One Your Love natoka.

---

MzeeWaKaseti

Hiyo usiiguse mbele yangu. Kuna filamu inayokosekana pale. Muziki umeandikwa kufuata picha ambazo huzioni. Na yeye pia hakuziona. Wewe na yeye angalau mko sawa.

---

UpandeB

😂 Mzee hapo umenifunga mdomo. Lakini bado sijaipenda.

---

BesiNzito

Nimerudi. Nimesikiliza Black Satin, dada Kinanda nakudai usingizi, ile besi sijaiacha tangu jana. Nimeisikiliza pia Here, My Dear kwa pande, kama Mzee alivyoagiza. Upande wa kwanza na wa pili, sawa, mwisho wa Is That Enough nimeurudia. I Met a Little Girl imenishangaza. Ameipiga kwa mtindo wa uimbaji wa makundi ya vijana wa miaka ya 1950, ule aliouimba akiwa na kundi la Moonglows, anasimulia walivyokutana kwa sauti ya zama hizo. Ujanja mzuri.

Ila ule wa angani wa dakika nane siutaki, na mtu asiniambie nisubiri.